Kisu cha Mkandani na Kisu cha Mfukoni

Leo mazungumzo yetu ni ya kisu. Sisemi kisu cha jikoni wala panga la shamba. Nasema kisu cha kukunja, ambacho bapa lake huingia ndani ya mpini na mwenyewe akaenda nacho atakako. Na katika hivyo vya kukunja nitakuwekea viwili mbele yako. Kimoja ni kile kikubwa cha mwindaji, kizito, cha mti na shaba, kinachokaa katika ala ya ngozi mkandani. Kingine ni cha siku hizi, chepesi na chembamba, kimening'inizwa kwa klipu kwenye ukingo wa mfuko wa suruali, na kidole gumba kikikigusa tu kimekwisha kufunguka. Msimamo wangu nautoa mapema: mtu wa kazi akiniuliza abebe kipi, mimi namwambia abebe cha zamani. Simwambii hivyo kwa kuwa napenda vitu vikuukuu. Sababu zangu ni mbili, makali na macho ya watu, nami nitazifikia zote.

Lakini tuanze kwa mhunzi. Mwaka 1902, katika mji wa Leavenworth, jimbo la Kansas huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Hoyt Buck alikuwa akijifunza uhunzi. Majembe yaliyoletwa pale yalikuwa na tatizo moja, hayakushika makali. Likinolewa leo, siku mbili tatu limekuwa butu tena. Kijana akajishughulisha na matiko, yaani namna ya kukipasha chuma moto na kukipoza ili ugumu wake uwe wa kiasi kinachotakiwa. Alipoipata njia yake akaanza kutengeneza visu kutokana na tupa zilizochakaa. Wahunzi wetu wanaofua visu kutokana na springi za magari watamwelewa mara moja. Tupa ni chuma chenye kaboni nyingi, kigumu kiasi cha kula chuma kingine, na kukitupa kwa sababu meno yamekwisha ni hasara.

Kwa miaka mingi Buck hakuwa na kampuni yoyote. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja alikuwa mchungaji wa kanisa katika mji wa Mountain Home, jimbo la Idaho. Jeshi likatangaza kwamba linahitaji visu, naye akaweka fuawe na tanuri katika ghorofa ya chini ya kanisa lake akawatengenezea askari. Mwaka 1947 alihamia San Diego, California, wakafanya kazi pamoja na mwanawe Al. Miaka miwili baadaye mzee akafariki. Al akaendelea, mwaka 1961 kampuni ikaandikishwa rasmi, na mwaka 1964 ikatoka bidhaa iliyoliinua jina la ukoo huo, kisu nambari 110, kilichopewa jina la Folding Hunter.

Ili uone thamani yake, fikiria mwindaji wa kulungu wa nchi ile alivyokuwa akihangaika. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kisu kisichokunjwa, kirefu, kinachoning'inia kiunoni. Hicho ni imara, hakuna kiungo cha kulegea, lakini ukiingia ndani ya gari kinakuchoma ubavuni, na ukianguka porini unaogopa kimekuangukia wapi. Ya pili ni kisu cha kukunja cha kawaida. Vilikuwapo vikubwa vya uwindaji vilivyotengenezwa na W.R. Case & Sons wa Bradford, Pennsylvania, vyenye mabapa mawili, moja la ncha kali na jingine pana la kuchunia ngozi. Vilikuwa visu vizuri mno. Ila bapa lilizuiliwa na nguvu ya springi peke yake. Ukilisukuma upande usio wake, au ncha ikikwama kwenye mfupa nawe ukajaribu kuichomoa, bapa linarudi na kujifunga juu ya vidole vyako.

Al Buck alitaka kisu ambacho kikikunjwa ni kifupi na kikifunguliwa kinasimama kama kwamba hakikunjiki. Akatumia komeo la mgongoni. Ndani ya mgongo wa mpini kuna pau ya chuma iliyoegeshwa katikati kama mizani. Nyuma inasukumwa na springi, mbele ina jino. Bapa likifunguka hadi mwisho, jino linaangukia kwenye pengo lililokatwa katika shina la bapa, unasikia mlio mmoja mkavu, na hapo halirudi tena mpaka uibonyeze pau kwa makusudi. Komeo la aina hii mafundi wa Ulaya walikuwa wakilijua tangu zamani. Alichokileta Buck ni uzito na usahihi, sehemu zilizokaa pamoja bila kuchezacheza, kisu baada ya kisu.

Bapa lake lina urefu wa sentimita tisa na nusu hivi, ncha yake imechongwa kwa juu. Miisho ya mpini ni shaba ya manjano na katikati ni mti mweusi. Uzito wake unapita kidogo gramu 200, na uzito huo ndio ulioamua namna ya kukibeba, kwa sababu kitu cha gramu 200 mfukoni kinavuta suruali na kukugonga pajani kila hatua. Basi kikapewa ala ya ngozi yenye kifuniko na kifungo, ikavishwa mkandani. Mwindaji akakipokea. Baada yake wakaja wachunga ng'ombe, madereva wa malori, maseremala, na askari waliokwenda Vietnam. Zaidi ya visu milioni 15 vya nambari hiyo vimekwisha kutengenezwa, na tangu mwaka 2005 vinatoka Post Falls, Idaho, kampuni ilikohamia kutoka California. Waigaji ni wengi kiasi kwamba Wamarekani wengi wakiona kisu chochote cha namna hiyo hukiita kwa jina la Buck, hata kama ni cha kiwanda kingine kabisa.

Hapo kwenye mti mweusi nina neno la kuongeza, maana linatuhusu Waafrika. Mpini wa kisu hiki kwa sasa ni wa mti mweusi wa Kameruni, unaopasuliwa kwenye kiwanda cha Crelicam mjini Yaoundé. Si mpingo wetu wa Lindi na Mtwara ambao Wamakonde huuchonga; ni mti mwingine wa misitu ya mvua, ingawa rangi zao zinafanana. Kiwanda hicho kilinunuliwa mwaka 2011 na watengenezaji wa magitaa wa kampuni ya Taylor ya California pamoja na wabia wao. Walipofika walikuta wakataji wakiangusha miti mingi, wanapasua, wakiona moyo wa mti una michirizi ya kahawia wanauacha uoze papo hapo msituni, kwa kuwa wanunuzi wa nje walitaka weusi mtupu. Wenye kiwanda wakaamua kuununua na ule wenye michirizi kwa bei ileile. Kwa hiyo ukikuta mpini una alama za rangi ya asali ndani ya weusi, usiseme umeuziwa kibovu. Ule ni mti ambao zamani ungeachwa uozee porini.

Sasa tuje kwenye kisu cha kisasa, na hapa nitakipa haki yake. Mwaka 1981 Sal Glesser wa Golden, jimbo la Colorado, ambaye kampuni yake inaitwa Spyderco, alitoa kisu chenye vitu viwili vidogo. Kimoja ni klipu ya kushikilia kisu kwenye ukingo wa mfuko. Kingine ni tundu la duara lililotobolewa kwenye bapa, mahali kidole gumba kinapoweza kuingia na kulisukuma nje. Klipu ilimaliza habari ya ala, na tundu lilimaliza habari ya mkono wa pili. Karibu kila kisu cha mfukoni kinachouzwa leo kina alama ya kazi ile, hata kama badala ya tundu kuna kijiti au kimkia cha kusukuma kwa kidole cha shahada.

Makomeo nayo yakabadilika. Fundi Michael Walker aliboresha komeo ambalo bamba jembamba lililo ndani ya mpini hujikunja likajikita nyuma ya bapa. Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Boise, Idaho, mwaka 1989, akalifanya bamba hilo kuwa ubavu mzima wa mpini, wa titani, na kisu chake akakiita Sebenza, ambalo kwa Kizulu ni kufanya kazi. Mipini ikawa ya nailoni au ya vitambaa vya kioo vilivyogandishwa kwa gundi. Uzito ukashuka chini ya gramu 100. Hata Buck wenyewe wametoa 110 ya mpini wa nailoni, nyepesi kuliko mama yake kwa zaidi ya nusu.

Na kufunguka kwa mkono mmoja ni jambo la maana, msikilizaji, nisije nikaonekana nalidharau. Mvuvi ameshika jarife kwa mkono wa kushoto na kamba imejifunga. Fundi wa umeme yuko juu ya ngazi. Mchungaji amembana mbuzi aliyenaswa shingo kwenye seng'enge. Hao hawana mkono wa pili wa kukunjulia kisu, na kisu cha mkandani chenye kifungo cha ala na kuhitaji kucha ya kuvutia bapa kitawachelewesha. Mtu ambaye siku zake nyingi zinapita hivyo, anunue cha kisasa. Na anayefungua maboksi ghalani kutwa nzima naye vilevile, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Sababu hiyo ni chuma, na hapa ndipo ninapotaka tukae kitako.

Chuma cha Buck 110 ya leo huitwa 420HC. Kaboni yake haifiki nusu ya asilimia moja, kromi ni kama asilimia 13. Kwenye karatasi ni chuma cha kawaida, hata cha bei rahisi. Ubora wake unatoka kwenye matiko, yaliyopangwa na mtaalamu aitwaye Paul Bos, aliyeifanyia kampuni hiyo kazi kwa miaka mingi. Kisu cha kisasa cha bei ya juu hutumia vyuma kama S30V, kilichotoka mwaka 2001. Kaboni yake inakaribia asilimia moja na nusu, na ndani yake kuna vanadi, asilimia nne. Chuma hiki hakimwagwi kwenye kalibu kama kingine. Huyeyushwa, kikapulizwa kuwa unga, unga ukashindiliwa kwa joto na nguvu hadi ukawa kipande kimoja. Vanadi na kaboni zikikutana humo hufanya chembe ndogo sana, ngumu kupita mchanga, ngumu kupita hata chembe za mawe mengi ya kunolea yanayouzwa madukani.

Chembe hizo ndizo zinazofanya makali yadumu. Kata maboksi mia, bado kinakata. Lakini siku ikifika kikawa butu, na siku hiyo hufika kwa kila kisu, shida inaanza. Ukikipitisha kwenye kinoo cha kawaida, jiwe linakula chuma laini kilichozizunguka chembe na chembe zenyewe zinabaki zinacheka. Unasugua, unasugua, makali hayaji. Kinachokiweza vizuri ni jiwe la almasi, na jiwe hilo uwe umelinunua na umelibeba. Wengi hawalibebi. Wanakipeleka kisu kwa fundi au wanakirudisha kiwandani kwa posta, na wengine wanakitia kabatini wananunua kingine.

Kile cha 420HC kitakwisha makali mapema, sikatai. Lakini mpe mtu wa kijijini aliyezoea kunoa. Atakitafutia jiwe laini la mtoni, au ngazi ya saruji, au atapindua kikombe cha kauri na kukinoa kwenye kile kitako kisichopakwa rangi, pale pakavu pa duara. Dakika chache, mgongo wa kisu umeinuliwa kidogo tu kutoka kwenye jiwe, upande huu mara kadhaa na upande ule mara kadhaa, mkono mwepesi mwishoni, na unyoya wa mkono unanyoleka. Wazee wetu wamesema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Na kisu kinakuwa kikali leo kwa sababu mwenyewe alikinoa jana usiku.

Na ujue kuwa Buck wenyewe waliipita njia hii kwa miguu yao. Visu vyao vya mwanzo vilikuwa vya 440C, chuma kigumu zaidi, na sifa ya kushika makali waliipata kwa chuma hicho. Pamoja na sifa wakapata lawama: wateja walisema kukinoa ni mateso. Miaka ya 1980 wakakiacha, wakahamia kwenye chuma rahisi zaidi kukikata kiwandani na rahisi zaidi kukinoa nyumbani, na mwishowe wakatulia kwenye 420HC. Wapo wapenzi wa visu wanaolihesabu hilo kuwa kosa hadi leo. Mimi nalihesabu kuwa busara. Kampuni ilimsikiliza mtu anayekaa na kisu miaka 20, ikamwachia kazi anayoiweza kwa mikono yake.

Kwa kuwa tumesema uwindaji, twende mpaka kwenye mnyama. Ukimtumbua kulungu, au swala kwa mwenye kibali huku Tanzania, kazi ya kwanza ni kufungua ngozi ya tumbo bila kutoboa utumbo wala kibofu. Ukitoboa, nyama imechafuka. Na hapa kisu cha 110 kina dosari ambayo wanaokisifu huipitia haraka. Ncha yake ni nyembamba na imeinuka, ni ncha ya kuchoma. Mwindaji mzoefu huilaza pedi ya kidole cha shahada juu yake ili isizame. Fundi Bob Loveless alieneza katika visu vya uwindaji ncha iliyoshuka, butu kidogo kwa juu, na visu vingi vya kisasa vimeifuata. Kwa kazi hiyo moja ya kufungua tumbo, hiyo ni ncha bora. Nikisema cha zamani ni bora kubebwa sisemi kwamba kila mkato wake ni bora.

Dosari nyingine ni ya visu vyote vya kukunja, vya zamani na vya sasa. Damu na mafuta huingia kwenye kiungo. Ukikikunja kisu kikiwa kichafu na ukakiacha hadi kesho, utakuta kimegandamana na kinanuka. Kisafishe palepale, maji ya moto na sabuni, mswaki mkuukuu ndani ya mpini, kikauke wazi, kisha tone la mafuta kwenye kiungo. Shaba ya manjano usiipake chochote ikiwa hupendi kung'aa, itajitia rangi yake. Na ngozi ya ala isiwe kabati la kuhifadhia kisu kwa miezi. Ngozi hunywa unyevu, na kwenye hali ya hewa ya pwani hata chuma kisichoshika kutu kitapata madoa. Barabarani kikae ndani ya ala, nyumbani kikae nje.

Siku ya Idi, ndugu Waislamu, kisu cha kukunja cha aina yoyote kiweke mbali. Mafundisho ya kumpunguzia mnyama maumivu na kunoa kisu vizuri kabla, tena si mbele ya macho yake, yanatekelezeka vizuri zaidi kwa bapa refu lisilokunjwa, la kupita mara moja.

Siku hizi kuna kisu cha tatu msituni, nacho kinavutia watu wengi kwa haraka sana. Ni mpini wa kukunja wenye bapa la kubadilisha, jembamba kama wembe wa daktari wa upasuaji. Likiwa butu unalitoa, unaweka jipya. Kuchuna kwake ni raha, mkono hautumii nguvu. Lakini bapa hilo halivumilii kusukumwa upande. Likifika kwenye kiungo cha mfupa nawe ukapinda, linakatika, na kipande kinapotea ndani ya nyama utakayoila. Kulibadilisha nako, vidole vikiwa na mafuta, kumewakata wawindaji wengi. Zaidi ya hayo kimemwondolea mtu ustadi wa kunoa moja kwa moja. Mimi sikishauri kwa mtu anayekwenda porini na kisu kimoja.

Sasa macho ya watu.

Kisu cha mkandani kinaonekana. Kila anayekutana nawe anajua unacho, na anajua ni cha kazi. Ukitaka kukitumia unafungua kifungo cha ala, unakitoa, unakishika kwa mkono mmoja na kuvuta bapa kwa mwingine. Aliye mbele yako anapata muda wa kuelewa unafanya nini, na wewe mwenyewe unapata muda huohuo. Jamii zetu zinalijua jambo hili. Mmasai huvaa sime yake ubavuni ndani ya ala nyekundu, na Mwomani huvaa jambia mbele ya tumbo, juu ya kanzu, kwenye harusi na barazani. Silaha kali kuliko kisu chochote cha kukunja, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu haikufichwa. Hata sheria ya California, ilikozaliwa hiyo 110, inasema kisu kilichomo ndani ya ala inayoning'inia wazi kiunoni hakihesabiwi kuwa kimefichwa.

Cha kisasa kinazama mfukoni, klipu tu ndiyo inayochungulia, na kinatoka ghafla. Mwenye nacho anasema ni wepesi wa kazi. Aliyesimama karibu naye anaona kitu kingine. Na sheria, mara nyingi, imeona kama yule aliyesimama karibu. Jijini New York, kwa miaka mingi, polisi walikamata watu kwa kisu cha kawaida cha dukani ikiwa tu askari aliweza kukifungua kwa kukitikisa kwa mkono mmoja. Sheria iliyotumika ilitungwa miaka ya 1950 kwa ajili ya visu vya aina nyingine kabisa. Waliokamatwa walikuwa maelfu, wengi wao Weusi na Walatino, wengi wakiwa mafundi na wapakuzi wa mizigo wenye kisu walichonunua kwa ajili ya kazi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2019. Waliokwisha kulala rumande kwa ajili yake hawakurudishiwa usiku wao.

Wala usidhani bei au ukale peke yake humwokoa mtu. Kipo kisu kiitwacho Okapi. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, mwaka uleule wa yule kijana wa Kansas, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya utawala huo. Kina mpini wa mti wenye vipande vya bati vya mwezi na nyota, pete ya kuvuta ili kufungulia komeo, na bei ya mtu wa kawaida. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha mkulima na cha mchungaji. Lakini Afrika Kusini na Jamaika kimebeba sifa mbaya kwa sababu kimeingia mifukoni mwa wapiganaji wa mitaani. Kisu kilekile, mti uleule. Kilichokiharibia jina ni kufichwa na kutolewa kwenye ugomvi.

Ndiyo maana nashikilia cha mkandani. Kwa mtu aliye shambani, porini, kwenye ranchi au kwenye karakana, mahali ambapo kisu kina kazi na watu wanaijua kazi hiyo, nunua cha mti na shaba, jifunze kukinoa, kivae waziwazi. Gramu 200 utazizoea kabla ngozi ya ala haijalainika. Ukiona ni nzito mno na fedha ni chache, kipo cha Kifaransa cha Opinel, nambari 8, mpini wa mti, gramu kama 45, chenye pete ya kuzungusha ili kukaza bapa. Nacho hufunguliwa kwa mikono miwili na kunolewa kwenye jiwe lolote.

Lakini haya nimeyasema kwa walio mahali pa kazi. Wewe unayenisikiliza kutoka Uingereza, nakuomba unisikilize kwa makini kidogo zaidi. Sheria ya mwaka 1988 ya huko inaruhusu hadharani kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, na mahakama zimekwisha kuamua kwamba kisu chenye komeo hakimo katika ruhusa hiyo hata kiwe kifupi namna gani. Buck ina komeo, Spyderco nyingi zina komeo, na Opinel nambari 8 nayo ina pete ya komeo. Bila sababu nzuri ya kutembea nacho, kama kazi uliyo safarini kwenda kuifanya, adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka minne. Kusema ulikisahau kwenye koti hakutoshi kuwa sababu. Basi kabla ya kutoka nyumbani kesho asubuhi, pekua mifuko ya koti lako, na la mwanao pia. Cha komeo kiache kabatini. Ukihitaji kisu cha kumenyea chungwa kazini, nunua kile chekundu cha Uswisi, kidogo, kisicho na komeo.